Pikipiki ya lami na vumbi: nani alikwenda kupimwa kwa fundi?

Ndugu wasikilizaji, nanyi wasomaji mnaotupata kupitia ukurasa huu baada ya mazungumzo yetu kwenda hewani, juma hili naomba tuzungumzie pikipiki. Najua wapo watakaoguna. Kila kukicha habari ni hizo hizo: bodaboda imegonga, bodaboda imepakia mishikaki, bodaboda imepita penye taa nyekundu. Msiwe na wasiwasi. Dereva wa bodaboda ana wasemaji wengi wa kumsema, na leo mimi sitajiunga nao. Ninachotaka ni kuitazama mashine yenyewe aliyoikalia, tuulize ilitoka wapi, ilishonwa kwa kipimo cha nani, na kwa nini hakukalia nyingine.

Pikipiki ziko za aina nyingi, lakini ipo jamii moja inayozihusu hasa nchi kama zetu. Ni ile pikipiki ndogo ya lami na vumbi. Ina taa, indiketa na namba za usajili kama pikipiki yoyote ya barabarani, lakini imesimama juu kama mbuzi wa mlimani. Gurudumu lake la mbele ni kubwa, mara nyingi la inchi 21, ili lipande jiwe na kuvuka shimo bila kutumbukia. Rimu zake ni za spoku, shokomzoba zake ni ndefu, bomba la moshi limepandishwa juu lisinywe maji mtoni, na madigadi ya mbele imeinuliwa ili matope yasizibe tairi. Injini yake kwa kawaida ni ya cc 100 hadi 250, na mashine nzima ina uzito wa kilo mia moja na ushei, kiasi kwamba ikianguka mtu mmoja aweza kuisimamisha. Waliokulia vijijini miaka ya 1980 na 1990 wanaijua kwa herufi tu: XL ya Honda, au DT ya Yamaha.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Mashine hii imeuzwa karibu dunia nzima, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilitoka kwa makampuni manne ya Kijapani, yaani Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki. Lakini ukilinganisha iliyouzwa Marekani na iliyouzwa Uingereza, Ujerumani, Japani kwenyewe, Australia, Brazil na ile iliyofika kwetu, utaona tofauti za ujazo, za nguvu na za matumizi ambazo huwezi kuzieleza kwa kutazama milima wala mvua. Matope ya Wales na matope ya Mbeya yote ni matope. Tofauti zile ziliandikwa na watunga sheria, na watoza kodi, na zaidi ya wote na mtu aliyeingia dukani na fedha mkononi. Ni kama kwa fundi cherehani. Kitambaa chaweza kuwa kimoja, lakini nguo hushonwa kwa kipimo cha yule aliyekwenda kupimwa.

Tuanzie Marekani, kwani huko ndiko jamii hii ilikopata umbo lake. Honda ilifungua ofisi yake Los Angeles mwaka 1959, ikiuza kile kipikipiki chake kidogo cha cc 50 kiitwacho Super Cub, kilichotoka kiwandani mwaka mmoja kabla. Kilikuwa kipikipiki cha mjini. Lakini huko Boise, katika jimbo la Idaho lenye milima na misitu, muuzaji mmoja aitwaye Herb Uhl aliona kwamba wateja wake wanataka kitu cha kuwafikisha porini. Akakifunga sproketi kubwa zaidi nyuma, akakivisha tairi za kashata, kikawa kinapanda vilima polepole kama punda, lakini kinafika. Wakubwa wa kampuni wakasikia, habari zikapelekwa Japani, na mwaka 1961 Honda yenyewe ikatoa kipikipiki cha namna hiyo, kikaitwa Trail 50. Uangalie vizuri mwenendo wa habari hii, ndugu msikilizaji. Mtu wa dukani amebadilisha, mteja amenunua, kiwanda kimefuata. Tutaurudia baadaye.

Mwaka uliofuata, 1962, Honda ilitaka kuitangaza pikipiki yake ya cc 250 iitwayo CL72. Waendeshaji wawili, Dave Ekins na Bill Robertson Mdogo, waliondoka Tijuana, mpakani mwa Mexico na Marekani, wakashuka rasi ya Baja California hadi mji wa La Paz. Ni safari ya kilomita kama 1,500 za mchanga na mawe, na Ekins aliimaliza kwa muda usiotimia saa 40. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, lakini liliwafumbua watu macho. Miaka mitano baadaye, mwaka 1967, yakaanzishwa kwenye rasi hiyo hiyo mashindano maarufu ya Baja 1000.

Ndipo Yamaha, kwa kusikiliza maombi ya watu wake waliokuwa Marekani, ikatoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968. Kabla ya hapo aliyetaka kupita porini alichukua pikipiki nzito ya barabarani na kuivua vyuma, au alinunua ya mashindano isiyo na taa. DT-1 ilikuwa na vyote viwili kutoka dukani. Kijana aliipanda Jumatatu kwenda kazini, na Jumamosi aliipeleka jangwani kuchezea. Honda ikajibu mwaka 1972 kwa XL250, yenye injini ya mipigo minne na vali nne. Herufi zile ambazo sisi tulikuja kuzijua ubavuni mwa pikipiki ya bwana shamba, zilizaliwa kwa ajili ya starehe ya mwisho wa juma ya kijana wa California.

Hilo ndilo la kukumbuka kuhusu soko la Marekani. Mnunuzi wake alikuwa na gari nyumbani. Pikipiki kwake ilikuwa mchezo. Serikali yake ilipoanza kuweka viwango vya moshi wa pikipiki kwa matoleo ya mwaka 1978, injini nyingi za mipigo miwili, zile nyepesi zenye nguvu lakini zinazounguza oili pamoja na petroli, zilianza kutoweka barabarani, na mnunuzi yule hakulala njaa kwa sababu hiyo. Hadi miaka hii Wamarekani wamekuwa wakiuziwa Yamaha TW200, pikipiki fupi yenye tairi nene kama za trekta, ambayo imebadilika kidogo sana tangu mwaka 1987. Nyingi huishi zimefungwa nyuma ya magari makubwa ya kupigia kambi. Kwa mchezo, hakuna haraka ya kubadilisha kitu.

Tuvuke bahari, twende Uingereza. Huko mnunuzi hakuwa mtu mwenye jangwa la kuchezea. Mara nyingi alikuwa kijana wa miaka 17, na aliyemshika mkono hadi dukani lilikuwa bunge. Tangu Desemba 1971 kijana wa miaka 16 alizuiwa kuendesha pikipiki iliyozidi cc 50. Akifikisha miaka 17 aliruhusiwa kujifunzia pikipiki hadi ya cc 250, mpaka ilipofika mwaka 1983 sheria mpya ikamshusha: cc 125 mwisho, na nguvu zisizidi farasi 12. Viwanda vikatii. Mashine kama Yamaha DT125R, ambayo ikiachwa huru ilipita nguvu za farasi 20, ilifika Uingereza imebanwa pumzi. Aliyeinunua alikuwa amenunua farasi aliyefungwa kamba miguuni, na siri ya kuifungua kamba ile haikuwa siri katika gereji yoyote.

Kwa Wajerumani makasi yalikata mahali pengine. Mwaka 1980 waliweka daraja la pikipiki nyepesi kwa vijana: injini ya cc 80 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa ajili ya kanuni hiyo Wajapani wakapeleka Ujerumani Yamaha DT80 na Honda MTX80. Hakuna mlima duniani uliowahi kuomba injini ya cc 80. Aliyeiomba ni kifungu cha sheria, na kifungu hicho kilipobadilishwa mwaka 1996 kuruhusu cc 125, pikipiki za cc 80 zikakosa sababu ya kuishi. Honda MTX ilikuwa na ndugu wa cc 50, wa 80, wa 125 na wa 200, watoto wa tumbo moja waliotofautiana umbo kwa mila za nchi walizokwenda kuolewa.

Na Wajapani wenyewe, je? Kwao sheria inataka pikipiki inayozidi cc 250 ipelekwe ukaguzi wa serikali kila baada ya muda, na ukaguzi huo una gharama zake. Isiyozidi hapo husamehewa. Basi daraja la cc 250 kushuka chini likawa moyo wa soko lao. Mwaka 1985 Yamaha ikatoa Serow ya cc 225, iliyopewa jina la mnyama wa milimani mwao afananaye na mbuzi. Haikutafuta mwendo kasi. Kiti chake kilikuwa chini kiasi cha mtu kufikisha miguu ardhini na kuisukuma juu ya magogo na mawe. Ilidumu miaka 35, ikikua hadi cc 250, mpaka utengenezaji wake ulipokomeshwa mwaka 2020. Wamarekani nao waliletewa Serow ya cc 225 kwa jina la XT225 tangu mwaka 1992, lakini mama yake ni vijia vya milima ya Japani na msamaha wa ukaguzi.

Hadi hapa tumewaona wacheza, wanafunzi na wapanda milima. Australia na New Zealand ndiko tunakomkuta kwa mara ya kwanza mnunuzi anayefanana nasi, yaani mtu wa kazi. Huko mkulima mwenye eneo kubwa huzungukia ng'ombe na kondoo wake kwa pikipiki. Tangu miaka ya 1970 Yamaha ilimtengenezea AG100, na baadaye AG200, herufi hizo zikimaanisha kilimo. Zitazame kwa makini. Zina keria mbele na nyuma. Cheni imefunikwa kwenye kasha ili vumbi na majani yasiitafune. Zina stendi pande zote mbili, kwani mchungaji akiwa kwenye mteremko hawezi kuchagua upande wa kushukia. Hakuna mhandisi anayeweza kuota jambo la stendi mbili akiwa ofisini. Aliambiwa na mtu mwenye matope kwenye viatu.

Tarishi wa Australia naye alipata yake. Kwa miongo kadhaa shirika la posta la huko lilitumia Honda CT110 nyekundu, mjukuu wa kile kipikipiki cha Boise. Haina mkono wa klachi, hivyo mkono wa kushoto wa tarishi hubaki huru kushika barua. Kipikipiki kilichoanza kwa wateja wa porini huko Idaho kikaishia kupeleka barua Sydney, kwa sababu tu shirika moja kubwa lilijua linataka nini na lilinunua kwa wingi.

Sasa twende Brazil, na hapa naomba usikivu wenu zaidi, kwani Brazil ina mengi ya kufanana nasi: nchi kubwa, barabara za udongo mwekundu, miji iliyojaa vijana wanaotafuta riziki. Katikati ya miaka ya 1970 serikali yake ilibana uagizaji wa pikipiki kutoka nje na kuwataka wenye viwanda waje kuzitengenezea ndani. Honda ikajenga kiwanda Manaus, katikati ya misitu ya Amazon, na mwaka 1976 ikatoka humo pikipiki ya kwanza, CG125. Hii haikuwa ya vumbi kwa umbo, lakini injini yake ina historia inayotuhusu. Honda ilikuwa imeona kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hupakiwa kupita kiasi, oili hubadilishwa kwa kuchelewa, na fundi hana vifaa vingi. Basi wakaacha ile cheni ndogo ya ndani ya injini inayohitaji kurekebishwa, wakarudi kwenye mfumo wa zamani wa vijiti vya kusukuma vali, ulio rahisi na mvumilivu. Injini hiyo ilikuja kuigwa sana China, na nakala zake ndizo zilizofika kwetu baadaye zikiwa na majina chungu nzima.

Wabrazil hawakuishia hapo. Mwaka 1982 wakaanza kuunda XL250R, na mwaka 2003 ikatoka NXR, waliyoibandika jina la Bros. Hii ni pikipiki ya lami na vumbi iliyopimwa kwenye mwili wa Mbrazil. Gurudumu la mbele ni la inchi 19, si refu la jangwani wala fupi la mjini. Kiti ni cha watu wawili, na keria ipo. Mkulima aliipenda, na mbeba abiria wa miji midogo aliipenda. Mwaka 2009, nchi ile ikiwa na pombe nyingi ya miwa inayotumika kama mafuta, Honda ilitoa huko CG na Bros zinazokunywa petroli au pombe hiyo, au mchanganyiko wa vyote. Mwaka huo huo wa 2009 Brazil ikapitisha sheria ya kuitambua kazi ya teksi za pikipiki nchini kote. Kiwanda, mafuta, sheria na mashine vilikutana mahali pamoja. Mbrazil alikwenda mwenyewe kwa fundi akapimwa.

Na msidhani kwamba nguo iliyomkaa mmoja itamkaa kila mtu. Mwaka 2011 kampuni ya Hero ya India iliichukua mashine ya namna ya Bros, ikaitoa kwa jina la Impulse. Haikupata wanunuzi wa kutosha, na baada ya miaka kadhaa ikaondolewa sokoni. Mhindi wa kawaida alikuwa akitafuta kwanza nafuu ya mafuta na bei. Hero ilirudi na nyingine, XPulse ya cc 200, mwaka 2019, wakati vijana wa miji ya India walipokuwa wameanza kutafuta safari za milimani. Mashine ile ile inaweza kuwa chakula mahali pamoja na kitoweo cha anasa mahali pengine.

Haya, turudi nyumbani.

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 Tanzania haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia pikipiki za watu binafsi. Hata mwaka 1984, serikali ilipoanza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, mkulima wa Ludewa au Kibondo hakuwa na dola ya kumpa mtu. Lakini XL na DT zilikuwapo vijijini, na kila mtu alizijua. Zilikujaje? Zilikuja kwa miradi. Bwana shamba alikuwa nayo, bwana mifugo alikuwa nayo, mtu wa chanjo alikuwa nayo, na ubavuni kulikuwa na nembo ya mradi. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilijifunza kutofautisha mlio wa pikipiki ya bwana mifugo kabla sijaiona, na tulipousikia tulikimbia barabarani, kwani katika kata nzima hakukuwa na mlio mwingine wa kuuchanganya nao.

Ilikuwa mashine nzuri mno kwa njia zetu. Nathubutu kusema hapajaletwa bora zaidi. Lakini nani aliyeichagua? Aliichagua ofisa wa manunuzi katika nchi ya mbali, kwa orodha ya zabuni. Ilitengenezwa kwa vijana wa Marekani na wa Ulaya, ikaonekana inafaa Afrika, ikanunuliwa kwa fedha ya msaada. Mradi ulipokwisha, plagi na kebo za klachi nazo zilikwisha, kwa sababu hapakuwa na duka la wilayani lililoweka vipuri vya mashine ambazo mtu wa kawaida hazinunui. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni pikipiki ngapi za namna hiyo zililala chini ya mwembe wa ofisi ya kata, zimeota nyasi, kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kidole? Waingereza Andrea na Barry Coleman walioanzisha shirika la Riders for Health waliliona jambo hilo barani kwetu, na shughuli yao yote ikajengwa juu ya wazo moja: kumfundisha mtumishi wa afya kuitunza pikipiki kila siku, na kubadilisha kipuri kabla hakijafa. Wazo rahisi, lakini ilibidi mtu alianzishie shirika.

Kisha miaka ya 2000 ikageuza kila kitu. Zikaja pikipiki za Kichina zenye injini za mfano wa ile CG, akina Sanlg na Toyo, na nyuma yake zikaja za Kihindi, Boxer na TVS. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizofikia cc 250, na mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki za abiria. Bodaboda, jina lililoanzia kwenye baiskeli za mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, likaenea hadi vitongojini. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu mnunuzi wa pikipiki alikuwa sisi wenyewe. Alikuwa kijana mwenye mkataba, anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni akitumaini siku moja kitakuwa chake.

Na kijana huyu hakuchagua XL. Wengine humcheka, nami nasema alipiga hesabu vizuri. XL ni ghali, kiti chake kiko juu, na mama aliyevaa kanga hawezi kuipanda kwa staha. Kipuri chake akitafute wapi? Boxer au TVS ina kiti kirefu, inakunywa mafuta kidogo, na vipuri vyake vinauzwa hata kwenye genge la nyanya. Akachukua pikipiki iliyobuniwa kupeleka watu kazini kwenye lami ya India, yenye magurudumu madogo na shokomzoba fupi, akaipandisha milima ya Uluguru na ya Usambara.

Lakini angalia alivyoifanya. Alikwenda kwa mchomeleaji akaongeza keria ya nondo. Akavisha tairi za kashata. Akafunga vyuma vya kukinga miguu na kuongeza nguvu ya springi za nyuma. Ndugu zangu, hiki ni kile kile alichofanya Herb Uhl huko Boise! Tofauti ni kwamba kule kiwanda kilisikia mara moja. Huku kimeanza kusikia polepole: Bajaj wametoa Boxer iliyoongezwa herufi X, yenye tairi za njia za vumbi. Ni dalili njema, lakini tairi peke yake haiongezi breki wala haiirefushi shokomzoba.

Wewe unayelinunua gazeti hili mjini waweza kuuliza, mimi yanihusu nini? Yakuhusu kila unapokwenda sokoni. Nyanya na maharage unayonunua, mengi yalianza safari yake juu ya keria ya pikipiki, kabla ya kuona Fuso. Mama mjamzito wa kijijini kwenu, uchungu ukimjia usiku, gari lake mara nyingi ni hilo. Na katika hospitali zetu watu wamekwisha zoea kuita wodi za mifupa wodi za bodaboda. Tunamlaumu dereva kwa mwendo wake na kwa kutovaa kofia ngumu, na lawama nyingine ni za haki. Lakini mashine ya lami iliyobebeshwa gunia tatu kwenye mteremko wa matope ni ajali inayosubiri saa yake, hata dereva akiwa mstaarabu namna gani.

Safari yetu ya leo imetuonyesha kitu kimoja. Waingereza walibadilisha pikipiki kwa mstari mmoja wa sheria. Wajerumani waliiua moja na kuiruhusu nyingine kwa namba. Waaustralia walipata stendi mbili kwa sababu mkulima alisema. Wabrazil walibana mlango wa bandari na kutaka kiwanda. Sisi katika Afrika Mashariki tumeshusha kodi na kutoa leseni, jambo jema, lakini kanuni zetu zimeuliza zaidi ukubwa wa injini kuliko kazi ya mashine. Pikipiki ya kupita Samora Avenue na ile ya kushusha viazi Makete zinapimwa kwa futi moja. Kwa nini isiwepo nafuu ya kodi kwa pikipiki yenye breki bora, shokomzoba za kufaa na keria iliyopimwa uzito kiwandani? Kwa nini vyama vya madereva vinapokutana na serikali mazungumzo yaishie kwenye vituo na faini, wala asiulizwe dereva wa milimani angependa pikipiki ya namna gani? Wanunuzi ni wengi sasa. Kiwanda humsikiliza mwenye wingi, mradi aseme.

Nalisema hili leo kwa sababu fundi ameshika tena makasi. Pikipiki za umeme zimekwisha ingia katika mitaa ya Kigali na Nairobi, na nyingi zinabuniwa kwa ajili ya dereva wa mjini, aliye karibu na kituo cha kubadilishia betri. Ni haki yake. Lakini yule wa Ludewa na wa Lushoto, ambaye barabara yake ni korongo na kituo cha karibu ni mwendo wa nusu siku, naye apelekwe kupimwa mapema, kabla nguo haijashonwa. Tusije tukasubiri tena miaka ishirini, tukachukua ya mjini, tukaipeleka kwa mchomeleaji.

Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakuwa pamoja tena.